Filamu Kwanza, Kamera Baadaye

Tumeulizwa na makarani kadha wa kadha ni kamera ipi ya filamu iwafaayo, iliyokwisha kutumika, kwa kuwa mshahara hauruhusu mpya. Simu hupiga picha, twajua. Lakini ikipotea huenda na sura za wazee wetu, ila negativu hubaki sandukuni. Sisi tulio Misheni ya Mbozi twaonelea ya kwamba mnunuzi asiulize bei ya kamera kabla hajaulizia filamu yake.

Filamu ya 120, iliyotolewa na Kodak mwaka 1901, ingali ikitengenezwa. Ile ya 620 Kodak iliiacha mwaka 1995. Upana ni sawa, bali kijiti cha kuviringia cha 620 ni chembamba, na muuzaji ataapa ya kuwa ni kitu kimoja. Sicho. Mwenye kamera hiyo hana budi kuhamisha filamu gizani, kijiti hata kijiti.

Kamera ya kukunja ya 120 hutoa picha 8 za sentimeta 6 kwa 9, ambazo huchapishwa bila mashine ya kukuzia; yafaa kwa mzee aketiye kitini. Lakini filamu ya milimeta 35 hutoa picha 36, na kwa mfuko wa karani hesabu hiyo yashinda. Sisi twaichagua hiyo.

Kabla ya kulipa, lenzi na itazamwe mwangani: utando kama wa buibui ni kuvu, nayo yapenda unyevu. Kamera ya kukunja na imulikwe ndani gizani. Tundu moja lazibika kwa rangi nyeusi. Yakiwa mengi, bei na ishuke, au muuzaji abaki nayo.