Magoti ya mama na boom langu

Haya wadau, nimepotea kidogo, si mnajua tena msimu wa test. Leo siandiki ya darasani.

Boom limetoka juzi, na kabla sijalipa hata deni la mama ntilie, mama kapiga simu. Magoti yamemzidi. Kuna mtu kamshauri anunue vidonge vya glukosamini, tena viwe vya "salfeti", eti hivyo ndivyo vyenye nguvu, vile vya haidrokloraidi vya bei ndogo ni usanii mtupu. Kopo moja ni hela ya msosi wangu wa wiki tatu! Nikaona kabla sijatuma, nisome kwanza.

Nilichokuta ni hiki. Glukosamini nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Ili ikae kwenye kidonge inafungwa na kitu kingine, ama salfeti ama haidrokloraidi. Ikifika tumboni inafunguka, inabaki glukosamini ileile. Tena salfeti peke yake inaharibika haraka, kwa hiyo huongezewa chumvi, mara nyingi ileile ya mezani. Sasa mama yangu ana presha! Kumbe ile ya bei ndogo, gramu kwa gramu, ndiyo yenye glukosamini nyingi zaidi.

Wanaoitetea salfeti hawasemi hewani, tuwe wakweli. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2001, watu 212 kwa miaka 3, uliipa sifa. Ila uligharimiwa na kampuni inayoitengeneza. Haidrokloraidi nayo ilipimwa Marekani, majibu yakatoka 2006, wagonjwa 1,583 wa magoti. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu kwa glukosamini ni asilimia 64. Na waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa? Asilimia 60! Tofauti hiyo wataalamu wenyewe wamesema si ya kutegemea.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mshauri wa mama. Simwiti mwongo. Kameza, kapata nafuu, anashuhudia. Lakini hata angemeza kidonge kitupu, huenda angeshuhudia vilevile.

Kwa hiyo msimamo wangu: ubishi wa salfeti na haidrokloraidi ni ubishi wa kopo lipi likumalizie hela. Mwongozo wa 2019 wa American College of Rheumatology unakataa glukosamini kabisa kwa ugonjwa huu wa magoti kulika. Wanachosisitiza ni mazoezi, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa. Na kama mzee wako anatumia wafarini, ya kuzuia damu kuganda, asiguse bila daktari, inaweza kumletea kutokwa damu.

Kazi ilikuwa kumwambia mama. Mtoto umesomeshwa, halafu unaombwa hela ya magoti unajibu habari za utafiti? Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Nikamwambia hela natuma, ila ni ya nauli na kumwona daktari wa viungo, siyo ya kopo. Akasema, "Haya mwalimu."

Sijui kama alikuwa ananisifu au ananisema. Jumatatu anakwenda. Nanyi wenye wazazi wa magoti, msiwatumie hela tu, waulizeni inanunua nini.

Tuonane baada ya test, jamani.