Kazi ya Duka Si Kazi ya Walioshindwa

Liko neno tulisikialo kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, nalo hutuchoma moyo. Mzazi huja shuleni, huketi mbele yetu, husema, "Mwalimu, kijana wangu hakufaulu, basi, nitamweka dukani." Hulisema kama mtu asemaye, "Nitamtupa." Na sisi waalimu, badala ya kumpinga, huinamisha vichwa kana kwamba tumeletewa habari za msiba. Leo twataka kusema waziwazi ya kuwa mzazi huyo amekosea, na sisi tumekosea kuliko yeye, maana sisi tumesoma.

Wako wasemao kwamba kuuza duka ni kusimama tu: mteja huja, hupewa sabuni, hutoa fedha, huenda zake. Haya, na tuwaulize hesabu ndogo. Mwenye duka hununua kipande cha sabuni kwa shilingi 800, hukiuza kwa shilingi 1,000. Siku moja kipande kimoja huibiwa. Je, ni vipande vingapi lazima viuzwe ndipo irudi fedha iliyopotea? Wengi hujibu, "Kimoja." La, ni vinne, kwa maana faida ya kila kipande ni shilingi 200 tu. Tena hapo hatujahesabu kodi ya nyumba, wala ushuru, wala taa, wala chakula chake auzaye. Asiyejua hayo hula mtaji akidhani ala faida, hata siku moja huamka akakuta duka tupu. Wazee hawakukosea waliposema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kazi yenyewe yazidi kuwa ngumu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Kenya mwaka 2007 na katika Tanzania mwaka 2008, duka moja huuza chumvi, tena huweka na kutoa fedha za watu. Tangu mwaka 2010 wafanya biashara wengi wa Tanzania hutakiwa kutoa risiti kwa mashine ya kodi. Nayo nchi ilikwisha kutambua zamani kwamba biashara ni elimu, maana Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Basi sisi ni nani hata tuiite kazi hii jalala la walioshindwa?

Tumkumbuke Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851. Alivuka bahari akaja pwani yetu angali kijana mdogo, akamtumikia Sewa Haji Paroo, mfanya biashara wa Bagamoyo. Baadaye maduka yake mwenyewe yalifuata njia ya misafara, kisha yakafuata reli, hata kufika Uganda. Alifariki mwaka 1916, na shule moja ya Mombasa yaitwa kwa jina lake hata leo. Hatusemi kwamba kila mtumishi wa duka atakuwa tajiri, hasha! Twasema hivi tu: mtu huyu alianza kwa kumtumikia mwingine, na utumishi ule ukawa ngazi.

Je, utumishi wa vijana wetu ni ngazi? Hapa ndipo twageukia wenye maduka. Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani alitumika miaka 6 katika duka moja la mjini. Alifungua saa kumi na mbili asubuhi, akafunga saa tatu usiku. Tulipomwuliza bidhaa zanunuliwa wapi kwa bei ya jumla, hakujua. Tulipomwuliza faida ya mwezi, hakujua, kwa kuwa daftari lilifungiwa kabatini. Bwana wake alipofunga duka, kijana alitoka na nguo zake na mshahara wa mwezi mmoja, pasipo hata barua ya kumshuhudia. Miaka sita alisimama kando ya kisima, wala hakupewa ndoo.

Wenye maduka hutujibu, "Tukimwonyesha daftari ataiba, au atafungua duka lake mbele ya mlango wetu." Hatukatai kwamba wezi wako. Lakini wizi hupenda giza. Daftari lisomwalo na watu wawili ni gumu kuchezewa kuliko lisomwalo na mmoja. Na kama kijana atafungua duka lake, kuna ubaya gani? Fundi seremala hamfichi mwanafunzi wake randa. Kama wangalifichana hivyo, leo tungeketi chini sote. Mtumishi asiyefundishwa kununua, kupanga bei, wala kuandika hesabu hana kazi. Ana kibarua cha muda mrefu.

Basi, wazazi, msiwapeleke watoto dukani kama watu waendao kifungoni. Kabla ya kumwacha kijana, mwulizeni mwenye duka: atafundishwa nini mwaka wa kwanza, na nini mwaka wa pili? Asipokuwa na jibu, mtafutieni mwingine. Nanyi wenye maduka, fungueni daftari walau jioni moja kila juma, mkahesabu bidhaa pamoja na kijana wenu, na aondokapo mpeni barua ya kweli.

Na sisi waalimu tuanze na vinywa vyetu. Mzazi ajapo tena na neno lile, tusiinamishe vichwa. Tumwulize, "Dukani kwa nani, naye atamfundisha nini?" Kisha tumwite kijana mwenyewe, tumpe ile hesabu ya sabuni, tukamwambie ya kuwa shule yake haijaisha.