Mteja wa Mpakani Naye Ana Wajibu Wake

Kila tunapozungumzia Ukimwi na maradhi ya zinaa katika miji ya mpakani, kidole huelekezwa kwa mwanamke. Yeye ndiye huitwa kahaba, yeye ndiye huhubiriwa, hupimwa na kuitwa kwenye semina. Mwanamume aliyebisha hodi kwake akiwa na pesa mfukoni hatajwi. Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze na mwanamume huyo, kwa sababu huenda ni wewe, mumeo, kakako au dereva uliyemwajiri.

Busia na Malaba zinajulikana na kila asafiriye kwenda Uganda. Ni hapa ambapo matrela yatokayo Mombasa huvuka kuelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo. Ni mpaka huu pia ulioipa Afrika Mashariki neno boda boda, kutokana na vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zamani dereva angeweza kulala hapa siku kadhaa akingoja karatasi zake za forodha. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kilipunguza kungoja huko, lakini hakikumaliza foleni. Mwaka wa 2020, madereva walipolazimika kupimwa Korona, matrela yalijipanga kilomita nyingi kutoka Malaba.

Palipo na foleni pana uchovu, upweke na biashara. Wapo akina mama wa chakula, wabadilishaji pesa, wenye gesti na baa. Wapo pia wanawake wanaokanda migongo iliyochoka, wanaoketi na mteja kumwondolea upweke, na wanaouza ngono. Pengine ni mtu mmoja anayefanya yote matatu, na hapo ndipo matata huanza, maana mteja hudhani kwamba akilipia moja amenunua yote.

Wapo watakaosema gazeti halifai kumfundisha mtu adabu za kwenda kwa wanawake hao. Heri aambiwe aache. Nakubali kwamba asiyekwenda yu salama kuliko aendaye, na aliyeoa anaijua ahadi aliyoweka. Lakini tangu Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, mawaidha hayo yametolewa misikitini na makanisani, na gesti za mpakani hazijakosa wageni. Virusi havimwulizi mtu kama alipewa ruhusa. Basi kama utakwenda, haya uyajue.

Kwanza, patana mapema. Bei, muda na kitakachofanyika vitajwe kabla ya mlango kufungwa, na isemwe wazi kama ni shilingi ya Kenya au ya Uganda. Kulipia kukandwa si kulipia ngono. Aliyekubali kuketi nawe mezani hajakubali kuingia nawe chumbani. Na hata akikubali, ana haki ya kubadili nia, nawe utazungumza naye kuhusu pesa zako kwa upole. Kumlazimisha ni ubakaji chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na hakuna mahali sheria hiyo inaposema kwamba mhudumu wa baa hahesabiwi.

Pili, angalia umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe amejipaka rangi ya mdomo na kuvaa viatu virefu. Kwa sheria hiyo hiyo, anayefanya ngono na mtoto wa miaka 16 au 17 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo adhabu inavyozidi. Ukiwa na shaka, shaka hiyo imekwisha kukujibu: ondoka. Na ukiona mtoto ameletwa na mtu mzima, piga ripoti.

Tatu, kondomu haina mjadala wa bei. Wapo wateja wanaoongeza pesa ili waende bila kinga. Mwanamke anayedaiwa kodi ya nyumba, na watoto wakingoja unga, hujikuta hana nguvu ya kukataa noti ya ziada. Mteja huona amependelewa. Ukweli ni kwamba kama amekubali kwa ajili yako, alimkubalia aliyekutangulia, na atamkubalia ajaye. Kuivua kwa siri gizani ni hila ile ile, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa mwenzako hakupewa nafasi hata ya kukataa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya kukandia, yawe ya nazi au ya mgando, huidhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka upesi. Aliyekandwa kwa mafuta anawe kwanza, na kama kuna haja ya kilainishi, atumie kile cha maji. Kuvaa kondomu mbili kwa pamoja hakuongezi usalama, husuguana zikapasuka. Na zile zilizokaa miezi ndani ya kabati la lori, zikichomwa na jua kutoka Mariakani hadi Malaba, zitupe. Hospitali za serikali hutoa nyingine bila malipo.

Nne, ujue mwili wako kabla ya kumkabidhi mtu aukande. Aliyeketi kwenye usukani saa nyingi anaweza kugandiwa na damu mguuni. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usikubali ukandwe. Damu iliyoganda inaweza kung'oka ikaenda kwenye mapafu na kuua. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, mwenye homa au vipele asiguswe wala asiguse. Miongoni mwa visa vya kwanza vya mpox nchini mwaka wa 2024 kulikuwa na dereva wa lori huku Busia, na ugonjwa huo huambukizwa kwa ngozi kugusana. Kondomu peke yake haiuzuii.

Tano, nenda ukiwa umeoga na ukiwa na akili zako. Mlevi hakumbuki bei wala kinga, na mikono yake huwa myepesi. Lipa ulichoahidi, bila kutafuta kisa asubuhi. Mwanamke aliyepigwa au kudhulumiwa mara nyingi huogopa kwenda polisi, kwa kuwa hudhani yeye ndiye atakayefungiwa. Kuitumia hofu hiyo kama punguzo la bei ni wizi.

Sita, yakishatokea usijifiche. Kondomu ikipasuka, fika hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, na ukifika mapema ndiyo bora, upewe dawa za kuzuia virusi ambazo humezwa siku 28. Anayerudia safari hizi aulizie dawa za kujikinga kabla ya kukutana na virusi, ambazo zilizinduliwa nchini mwaka wa 2017. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, na matokeo kutangazwa mwaka wa 2024, ulionyesha kwamba kati ya wanawake zaidi ya 2,000 waliodungwa lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni habari njema, lakini dawa hizo hazizuii kaswende wala kisonono. Pimwa, na urudi kupimwa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kipimo cha mapema kinaweza kukudanganya. Kabla ya hapo, usimpelekee mkeo zawadi asiyoijua.

Msomaji mpendwa, nayasema haya sasa kwa sababu mzigo umebadilika bega. Kwa miaka mingi wanawake hawa walikuwa na vituo vyao maalumu vya kupimwa, kutibiwa na kupewa kinga, vingi vikilipiwa kwa fedha za Marekani. Misaada hiyo iliposimamishwa mwezi Januari 2025, vingi vilifungwa, na wagonjwa wakaelekezwa kwenye foleni za kawaida hospitalini, ambako baadhi yao huona haya hata kutaja kazi wanayofanya. Ikiwa tumempokonya mwanamke ngao, hatuwezi kuendelea kumwachia yeye peke yake vita vyote.

Wenye magari nao wasijifiche. Mwajiri anayempa dereva posho ya njiani na ampe pia kondomu, na ruhusa ya kwenda kliniki bila kuulizwa mno.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Busia na Malaba hupokea wageni kila usiku, na wenyeji wake wana haki ya kupona kutokana na wageni hao. Mteja mwenye adabu huondoka akimwacha mwenyeji mzima kama alivyomkuta, kisha akafika nyumbani kwake akiwa mzima vile vile.