Kopo la babu limebadilika jina, si la bandia

Msomaji mmoja ameniandikia kuomba ushauri. Baba mkwe wake anavuta kiko, na kwa miaka mingi shemeji yake aliye Uingereza amekuwa akimletea mzee makopo ya tumbaku ya Dunhill. Akiba ya mzee ilipoisha, shemeji alileta kopo lililoandikwa Peterson. Mzee alilisukuma kando, akasema mwanawe amemnunulia bandia kwa ubahili. Tangu siku hiyo baba na mwana hawapigiani simu.

Dada, kijana hana kosa. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke, London, mwaka 1907. Lakini mwaka 1981 kazi ya kuchanganya tumbaku hiyo ilihamishiwa kiwanda cha Murray mjini Belfast. Mwaka 2005 ikahamia Denmark, kwa kampuni ya Orlik, ambayo sasa ni sehemu ya Scandinavian Tobacco Group. Jina la Dunhill lilipoondolewa kwenye tumbaku ya kiko mwaka 2018, michanganyiko hiyo ilirudi madukani kwa jina la Peterson. Nightcap bado inaitwa Nightcap, na Early Morning Pipe haikubadilishwa jina. Kwa hiyo hata makopo ya Dunhill ya miaka ya mwisho yalitoka Denmark.

Biashara ya namna hii ni ya kawaida. Kukausha, kukandamiza na kukata majani kunahitaji mashine ghali na watu wenye ujuzi, hivyo kiwanda kimoja hutengeneza kwa ajili ya majina mengi. Hata jikoni kwako ndivyo ilivyo. Geuza pakiti ya unga au sukari yenye jina la supamaketi, usome kwa maandishi madogo nani amefungasha.

Hata hivyo, usimwambie mzee kwamba ulimi wake unamdanganya. Kiwanda kimoja hakimaanishi ladha moja, kwa kuwa kila jina lina mchanganyiko wake, na majani hubadilika kutoka mavuno hadi mavuno. Tena tumbaku iliyokaa miaka kadhaa ndani ya kopo lililofungwa hulainika. Yeye alizoea makopo yaliyokaa kabatini, na hili ni jipya. Inawezekana kabisa ameonja tofauti ya kweli. Kosa lake ni kumhukumu mtoto kwa karatasi ya juu ya kopo.

Usimfikishie mzee habari hii wewe mwenyewe kana kwamba unamsahihisha. Mwombe mume wako akae naye baada ya chakula, amweleze kwa heshima, kisha ampigie ndugu yake simu palepale, baba aongee naye.

Sasa niseme na wazazi wote, maana umeniambia nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. Jina likibadilika, madhara hayabadiliki. Tumbaku ya kiko haina usalama kuliko sigara kwa sababu tu inanukia vizuri au ni ya bei kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha moshi wa tumbaku kwa wanaokaa karibu na mvutaji. Babu avutie nje, mbali na madirisha, na asimpakate mjukuu kiko kikiwa kinawaka.

Kopo lenyewe ni hatari nyingine. Baadhi ya tumbaku za kiko hutiwa vanila au cheri, na mtoto hawezi kujua kwamba harufu hiyo si ya peremende. Nikotini ni sumu, na kiasi kidogo kinaweza kumdhuru mtoto mdogo. Akimeza, anaweza kutapika, kutokwa na mate mengi au kulegea. Usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na uende na kopo ili daktari aone alichokula.

Mnunulieni babu kisanduku chenye kufuli na funguo akae nazo yeye. Tumbaku ni yake, na ulinzi wa wajukuu pia mkabidhini yeye. Wazee wengi wakipewa jukumu hilo hulishika kuliko sisi.