Shanga za Unyanyembe na Skrini ya Hezi 240

Mpwa wangu ana shahada na hana ajira. Mwezi uliopita alinipigia simu kutoka Usinge, wilayani Kaliua, akaniamkia, kisha akaniomba ushauri juu ya jambo ambalo, kwa kumsikiliza, alikuwa amekwisha kuliamua. Anataka kufungua kibanda cha gemu karibu na stesheni ya reli. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amekubali kumpa sehemu kubwa ya malipo ya tumbaku ya msimu mzima. Mashine mbili za PlayStation 4 zilizotumika amekwisha kuzipata. Kilichobaki ni skrini, na muuzaji mmoja wa mjini amemwaminisha kwamba bila monita ya OLED yenye kasi ya hezi 240, kibanda chake kitakuwa cha kizamani hata kabla hakijafunguliwa.

"Mjomba, hii ndiyo wanayotumia wachezaji wa kimataifa," aliniambia.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Imebeba ugonjwa ambao haupo Usinge peke yake. Umo katika ofisi zetu za umma, katika vyuo vyetu na katika kamati za manunuzi. Ni ugonjwa wa kununua namba.

Tuanze kwa kumtendea haki mtengenezaji. Katika skrini ya OLED kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe. Panapotakiwa weusi, pikseli huzimika, na weusi unakuwa weusi kweli, si kijivu. Pikseli hizo hubadilika kwa kasi mno, hivyo kitu kinachokimbia hakiachi ukungu nyuma yake. Mtu mwenye kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu, anayecheza peke yake katika chumba chenye giza, atakuwa amenunua kitu bora. Sina ubishi na hilo.

Swali langu ni jingine: bora kwa nani, wapi, na kwa kazi gani?

Hezi 240 maana yake ni kwamba skrini inaweza kubadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Inaweza, ikiwa mashine inayoilisha ina picha 240 za kutoa. PlayStation 4 hutoa picha 60 kwa sekunde na haivuki hapo. Hata PlayStation 5 inakomea 120, na gemu ya mpira wa miguu ambayo vijana wa Usinge wataililia kila jioni huchezwa kwa picha 60 katika mashine hizo. Skrini haizai picha ya 61. Mpwa wangu angelipia gari la kasi ya 240 ili aliendeshe nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe.

Naomba pia tuutazame huo mwendo wenyewe. Katika hezi 60 kila picha hukaa kwenye skrini kwa milisekunde 16.7; katika hezi 240 hukaa 4.2. Tofauti ni milisekunde 12.5. Siku atakapounganisha mashine na intaneti ili vijana wake washindane na wengine, taarifa zitalazimika kusafiri hadi kwenye seva iliyo mbali, mara nyingi nje ya Afrika Mashariki, na kurudi. Safari hiyo peke yake yaweza kula milisekunde 100 na zaidi. Anayenunua milisekunde 12 kwenye meza huku akipoteza 100 barabarani hajanunua kasi.

Sasa tuje kwenye kasoro ambazo muuzaji hakuzitaja.

Ya kwanza ni kuungua kwa skrini. Malighafi ogania zinazotoa mwanga katika OLED huchakaa kwa matumizi. Sehemu inayoonyesha kitu kilekile kwa muda mrefu huchakaa tofauti na nyingine, na alama yake hubaki daima. Fikiria gemu ya mpira: ubao wa magoli uko palepale kwenye kona, ramani ndogo ya wachezaji iko palepale chini. Mchezaji wa nyumbani hucheza saa mbili, akabadilisha. Kibanda hufanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, kwa gemu ileile, siku zote za juma. Kama ungetaka kubuni mtihani wa kuiua skrini ya OLED, usingeubuni vizuri kuliko kibanda cha gemu.

Ya pili inahusu umeme. Skrini hizi zina utaratibu wa kujitunza: baada ya saa kadhaa za matumizi, hujirekebisha zenyewe zikiwa katika hali ya kupumzika, na kazi hiyo huhitaji umeme hata baada ya kuizima. Sisi tumelelewa kuzima ukutani na kuchomoa waya, kwa kuiogopa radi na kwa kuilinda Luku. Na mara nyingine umeme hujichomoa wenyewe. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeiongezea nchi nguvu kubwa tangu mtambo wake wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024. Lakini nguvu iliyopo Rufiji si lazima iwe nguvu tulivu kwenye soketi ya Usinge. Kifaa kinachotegemea umeme usiokatika ili kisife mapema kinahitaji kwanza umeme usiokatika.

Ya tatu ni joto na mwanga. Joto huharakisha uchakavu wa OLED, na kibanda cha mabati mwezi wa Oktoba hakihitaji maelezo. Isitoshe, skrini hizi hujipunguzia mwanga pale picha nzima inapokuwa na weupe mwingi, na nyingi zina kioo kinachoakisi. Mlango ukiwa wazi saa nane mchana, mteja atajiona uso wake kuliko mpira.

Ya nne ni dhamana. Baadhi ya kampuni hudhamini kuungua kwa skrini kwa miaka hadi mitatu. Ahadi hiyo ina maana pale penye mlango wa kuibishia. Je, muuzaji wa mjini ataipokea skrini iliyoungua? Nilimwambia mpwa wangu aulize swali hilo, na jibu aliletewa kwa maneno manne: "Kaka, hii haiharibiki kirahisi." Jibu hilo si dhamana.

Kuna watakaosema: huyu daktari wa falsafa anawaambia watu wa Usinge wasiguse vitu vizuri, vizuri ni vya Masaki. Naomba nieleweke. Hoja yangu ni kinyume kabisa cha hiyo. Nadai watu wa Usinge wawe wanunuzi wenye masharti, kama walivyokuwa babu zao.

Mkondo wa reli inayopita Usinge, iliyofika Kigoma mwaka 1914, unapita katika ukanda wa njia ya kale ya misafara kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji. Siipambi historia ya njia hiyo. Ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Lakini ina somo moja tunalolisahau. Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akiandaa msafara wake, alihangaika sana juu ya shanga. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini hazikuwa kitu kwingineko. Shanga zilizothaminiwa Ujiji zilikataliwa mahali pengine. Msafiri aliyekosea aliwabebesha wapagazi mzigo usionunua hata chakula. Mnunuzi wa bara ndiye aliyeamua. Hakujali shanga hiyo inavaliwa na nani Ulaya. Alijua anachokitaka, na tajiri wa Pwani alilazimika kujifunza.

Leo tumeugeuza utaratibu huo. Muuzaji ndiye anayetuambia tunachokitaka, nasi tunakariri namba zake kama kasida.

Na hapa nawageukia watumishi wa umma wanaonisoma. Niliwahi kuketi katika kikao ambamo sifa za vifaa tulivyotaka kununua zilikuwa zimenakiliwa, neno kwa neno, kutoka kwenye karatasi ya matangazo. Hakuna aliyeuliza vitafanya kazi gani. Skrini ya OLED kwenye meza ya mhasibu ingeonyesha jedwali lilelile na mstari uleule wa menyu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Ingeungua kama ile ya kibanda. Katika matoleo kadhaa, mpangilio wa pikseli zake huzipa kingo za herufi kivuli cha rangi, jambo linalochosha macho ya anayesoma nyaraka kutwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani ya fedha. Thamani haipatikani kwa kutafuta namba kubwa katika safu ya sifa.

Kwa mpwa wangu nilipiga hesabu rahisi. Fedha ya monita moja ya inchi 27 ingetosha kununua televisheni mbili za kawaida za LCD za inchi 43, ambazo wateja wanne na watazamaji wao wataziona bila kubanana, na ikabaki ya stabilaiza. Mashine mbili, skrini mbili, mapato mara mbili. Akiharibikiwa, fundi wa Tabora anazifahamu.

Hakufurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mjomba, watu watasema nimefungua cha kawaida."

Nilimjibu kwamba mama yake amelima tumbaku, ameikausha kwa mvuke na kungoja malipo kwa miezi, na hakufanya hivyo ili watu wa mjini wamsifu. Bado hajanunua. Jumamosi atarudi kwa muuzaji akiwa na maswali yake kwenye karatasi, na nimemsihi asitoe fedha hadi yote yajibiwe. Nawaomba nanyi, kabla hamjatia saini ununuzi wowote unaolipwa kwa jasho la mtu mwingine, mfanye hivyohivyo.