Daraja la Miguu Likoni

Mkazi wa Diani au Msambweni anayekwenda mjini Mombasa kwa matatu hushukia Likoni, kisha hujiunga na umati unaosubiri feri. Mwenye gari hulipa, mwenda kwa miguu huvuka bure. Lakini bure hiyo ina gharama yake: jua, msukumano na kuchelewa kazini.

Je, wajua kwamba daraja linaloelea si jambo geni Mombasa? Mwaka 1931 lilifunguliwa moja kule Nyali, upande wa kaskazini, likatumika hadi 1980 lilipojengwa jipya. Upande wa kusini ukabaki na feri, kwani meli zote za bandari ya Kilindini hupitia hapo Likoni, na daraja la chini lingeziba njia.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, iliyojaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na ukingo. Watu 272 walipoteza maisha. Husemwa kwamba ajali haina kinga, lakini ile ilikuwa nayo: kupunguza abiria tu.

Daraja la waenda kwa miguu lilikuja miaka 26 baadaye, tena kwa kusukumwa na maradhi. Covid-19 ilipoingia nchini mwaka 2020, msongamano wa feri ulitisha kila mtu. Serikali ikajenga daraja la kuelea kutoka Liwatoni, kisiwani, hadi Ras Bofu, Likoni, kwa shilingi bilioni 1.9. Watu walianza kulitumia tarehe 1 Januari 2021. Sehemu yake ya kati ilifunguliwa kupisha meli, na kwa hivyo likawekewa saa za asubuhi na jioni, wakati wafanyakazi ni wengi. Tangu mwanzo, lilikusudiwa kuwa la muda tu.

Mwaka 2024 magari yalipata barabara ya Dongo Kundu, yakafika Kwale bila kupanda feri. Ni jambo la kushukuru. Lakini yule mama mwenye kikapu cha maembe hawezi kuizunguka njia hiyo kwa miguu. Mipango ya kuvuka ikiandikwa, naye akumbukwe mapema, si baada ya msiba.

Nawe mzazi, wasimulie wanao habari za Mtongwe. Feri ikijaa, washike mkono mngoje inayofuata. Wahenga walisema: kawia ufike.