Zile taa za njia ya Mbamba Bay, jamani!

Juzi usiku umeme ulikatika hapa bweni, stori zikaanza. Jamaa mmoja wa fizikia na hisabati anaapa kabisa: ukishuka usiku kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay unaona taa zinaelea gizani, zinazimika, zinagawanyika mbili. Eti wachawi wanasafiri. Na eti siku hizi zimezidi.

Zimezidi! Si kuna lami siku hizi, kilomita 66, na magari yanapita usiku?

Mimi ni mtoto wa huko huko. Ile njia inatoka milima ya Wamatengo inashuka kona kwa kona mpaka ziwani. Gari la kona ya chini hulioni, unaona taa tu, mara ipo, mara kilima kimeificha. Na mbele yako ni Ziwa Nyasa, wavuvi wa usipa wapo kazini na taa zao. Ukiwa juu mlimani, usiku maji na mbingu ni weusi mmoja. Hiyo taa inaelea kweli, ipo kwenye mtumbwi!

Mwingine akadakia, gesi ya matope. Matope gani mlimani bwana? Huko Michigan, Marekani, taa ya Paulding iliitwa mzimu miaka na miaka. 2010 wanafunzi wa Michigan Tech, wanafunzi kama sisi, wakaielekezea darubini wakaona magari ya barabara kuu. Na zile Min Min za Australia, Jack Pettigrew alieleza 2003: hewa baridi ikilala chini ya hewa ya joto inapinda mwanga, taa ya mbali sana unaiona kama ipo hapo mbele.

Ila kinachoniuma siyo taa. Taa ya uchawi lazima itafutiwe mwenyewe. Kijijini kwetu alipatikana bibi mmoja mjane, kosa lake nyumba yake ipo peke yake kando ya njia. Watoto wakakatazwa kumsalimia. Mwisho wajukuu wakaja kumhamisha usiku, wakiogopa atachomewa ndani. Bibi hayupo miaka sasa. Taa bado zinaonekana pale pale.

Na huyu jamaa yetu anakwenda BTP karibuni, atafundisha kupinda kwa mwanga kidato cha tatu. Nikamuuliza, mtoto wa Mbinga akinyoosha mkono kuuliza zile taa, utamjibu nini?

Kanuna mpaka leo.